Uvimbe wa kwapani: hatua za vipimo Mombasa, kutoka altrasaundi hadi jibu la maabara

Maswali ni yale yale na hayaishi. "Nimegusa kitu kwapani, ni kansa?" "Nimepigwa altrasaundi nikaambiwa ni tezi, sasa nifanye nini?" "Daktari anataka kunitoa kinyama, si itasambaa?" Na lipo moja linaloniuma kuliko yote: "Nilipimwa mwaka jana, majibu sikuyafuata." Nimeona niyaweke majibu mahali pamoja, hatua kwa hatua, ili aliyeko Kisauni, Likoni, Changamwe au Mikindani ajue aanzie wapi na asikwame njiani.

Shika hili kwanza. Kidole hugundua, picha huelekeza, lakini jina la ugonjwa hutoka maabara. Hakuna altrasaundi, mamogramu (eksirei ya titi) wala sitiskani (CT) inayoweza kuapa kwamba tezi hii ni ya kifua kikuu na ile ni ya saratani. Picha ikitia shaka, ni lazima seli au kinyama kitazamwe kwa hadubini. Na majibu hayo matatu, la kidole, la picha na la maabara, yanatakiwa yakubaliane. Yakigombana, kazi bado.

Kwapani mna nini

Kila kwapa lina tezi za limfu 20 hadi 40 hivi. Zikivimba, wazee wetu husema umeota mtoki. Tezi hizo huchuja maji yatokayo mkono mzima, titi, na ngozi ya kifua na mgongo wa juu upande huo huo. Ndiyo maana kidonda cha kidole huvimbisha kwapa, na ndiyo maana saratani ya titi inaweza kuonekana kwapani kabla haijagusika kwenye titi.

Lakini si kila uvimbe wa kwapani ni tezi. Kuna majipu, vifuko chini ya ngozi, lipoma (donge laini la mafuta linaloteleza chini ya kidole), na kuna nyama ya ziada ya titi, ambayo baadhi ya wanawake huzaliwa nayo na huijua wakati wa mimba au kunyonyesha inapojaa na kuuma. Kuna pia majipu yanayorudi rudi makwapa yote mawili na kuacha makovu na vijishimo. Huo ni ugonjwa wa ngozi, na wa kuuona ni daktari wa ngozi.

Usingoje hatua zozote, nenda leo

Nenda hospitali siku hiyo hiyo kama kwapa limekuwa jekundu na la moto na wekundu unaenea, una homa na kutetemeka, mkono au uso umevimba, au unapumua kwa shida. Mwenye kisukari asilaze jipu la kwapani nyumbani hata usiku mmoja.

Wengine mna nafasi, lakini si ya miezi. Uvimbe mgumu usioteleza, unaokua, uliopita wiki mbili bila sababu inayoonekana, au unaokuja pamoja na jasho la usiku linalolowesha shuka, kupungua mwili, donge kwenye titi au chuchu inayotoa damu: huo anza nao wiki hii.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kitambulisho, na usajili wako wa SHA (bima ya afya ya serikali) uwe hai. Uliza mapema ni vipimo vipi vinalipiwa na vipi utatoa mfukoni.
- Faili moja ya plastiki ya karatasi zako zote. Picha za zamani za titi au kifua ziwemo.
- Orodha ya dawa unazotumia, hasa za kuyeyusha damu, aspirini, ARV, na chochote ulichouziwa duka la dawa kwa ajili ya uvimbe huu.
- Tarehe ya chanjo yoyote ya karibuni na mkono uliochomwa. Chanjo, ile ya korona ikiwemo, huweza kuvimbisha tezi za upande huo kwa wiki kadhaa.
- Namba ya simu isiyobadilika, na ya mtu wako wa pili. Majibu mangapi yamekaa kabatini kwa sababu laini ya mgonjwa ilizimwa!

Hatua ya 1: Jishike vizuri, kisha uandike

Keti. Mkono wa upande wenye uvimbe uegemeze mezani au pajani, ulegee. Ukiuinua juu misuli hukaza na kitu hujificha. Kwa ncha za vidole vitatu vya mkono wa pili, ingia juu kabisa ya kwapa, kisha shuka polepole ukikandamiza kwenye mbavu. Ni rahisi zaidi unapooga, kwapa likiwa na povu la sabuni. Fanya vivyo hivyo upande wa pili, maana watu wengi huogopa kitu ambacho wanacho pande zote mbili tangu zamani.

Andika tarehe uliyougundua, ukubwa kwa rula, kama ni laini au mgumu, unateleza au umeganda, unauma au hauumi, unabadilika na hedhi au la. Halafu tafuta mlango: vidole, kucha, kiganja, kiwiko. Umejikata kwa wembe ukinyoa? Umeparuzwa na paka? (Mji wa Kale paka ni wengi, na mparuzo wao huweza kuvimbisha tezi wiki chache baadaye.) Una doa jeusi linalokua chini ya kucha au kiganjani? Hilo mwambie daktari waziwazi, kwa sababu saratani ya ngozi kwa watu weusi hupenda kiganja, wayo na kucha, na ya mkononi hukimbilia kwapani.

Onyo: usiukande, usiutumbue, usipigwe chuku juu yake, usichanjwe. Naijua mikono inayofanya hivyo, ni ya shangazi na bibi zetu, na nia yao ni njema. Lakini kuchanja huingiza vijidudu, tezi huvimba zaidi, na siku ya altrasaundi hakuna anayeweza kutenganisha ugonjwa wa awali na huo ulioongezwa. Habasoda ukitaka kupaka, paka mkononi, kwapa liache.

Hatua ya 2: Ukaguliwe mwili, si kwapa peke yake

Si lazima uanzie hospitali kubwa. Afisa wa kliniki wa Tudor, Port Reitz au Likoni anaweza kukukagua, kuagiza vipimo vya kwanza na kukupa barua ya rufaa kwenda Hospitali Kuu ya Pwani, Coast General.

Ukaguzi kamili ni makwapa yote mawili, shingo, juu ya mtulinga, kinena, matiti yote mawili, mkono mzima, na tumbo upande wa wengu. Mwanamume naye akaguliwe matiti. Saratani ya titi kwa wanaume ni chache, lakini ipo, na huchelewa kujulikana kwa sababu hakuna aliyetazama. Ukiona umeshikwa kwapa tu na karatasi ya dawa imeshaandikwa, sema kwa adabu: "Daktari, naomba uniangalie na titi na shingo."

Vipimo vya kawaida hapa ni hesabu ya damu, VVU na sukari, na eksirei ya kifua ikiwa kuna kikohozi, jasho la usiku au tezi za sehemu nyingine. Kipimo cha VVU usikikwepe. Virusi vyenyewe huvimbisha tezi, na jibu lake hubadilisha orodha nzima ya vinavyoshukiwa.

Kidonda kikionekana mkononi, ni sawa kupewa antibayotiki na kurudi baada ya wiki mbili. Kosa ninaloliona sana ni dozi juu ya dozi: ya kwanza haikusaidia, ya pili ikaongezwa, ya tatu ikanunuliwa bila daktari, miezi minne imepita. Dozi moja, kisha hatua ya 3.

Kuna aina mbili za dawa za kuogopa hasa kabla ya vipimo. Predinisoloni na steroidi nyingine zinaweza kusinyaza limfoma (saratani ya tezi zenyewe) kwa muda, na kinyama kikitolewa wakati huo mwanapatholojia (daktari wa maabara anayetazama vinyama) haoni cha kutaja jina. Antibayotiki za levofloksasini na siprofloksasini huweza kuficha kifua kikuu. Kama ulishameza, usinyamaze. Sema na tarehe.

Hatua ya 3: Altrasaundi

Hiki ndicho kipimo cha kwanza cha picha kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Hakina mionzi, na hakihitaji kufunga wala kunywa maji. Barua iseme "kwapa na titi la upande huo", si kwapa pekee.

Asubuhi hiyo oga, kwapa liwe safi bila shabu, ndimu, poda wala diodoranti. Usinyoe siku hiyo, mikato midogo itakuwasha kwa ile jeli. Akina mama, dera ni shida hapa kwa sababu lazima livuliwe lote. Vaa blauzi na sketi, beba leso ya kujifunika. Unayo haki ya kuomba mhudumu wa kike. Ulizia unapochukua miadi, siku yenyewe huenda hayupo.

Kabla ya kupanda kitandani, uguse uvimbe mwenyewe na uuzungushie alama ya kalamu. Ukilala na kuinua mkono unaweza kusogea, na mpimaji aliyepewa maneno "uvimbe kwapani" bila kuonyeshwa atapima kwapa zima asiupate ule wako. Mshike mkono umpeleke: "Ni hapa."

Kwenye skrini, tezi yenye afya ina umbo la haragwe: ganda jembamba la giza kwa nje, na mafuta meupe katikati panapoingilia mshipa wa damu. Vinavyotia shaka ni ganda kunenepa kupita milimita 3, au kuvimba sehemu moja tu. Weupe wa katikati kusukumwa pembeni au kutoweka. Tezi kuwa duara kuliko ndefu. Na damu kuingilia kingo badala ya katikati. Tezi kadhaa zilizogandana zikiwa na majimaji ndani huelekea kifua kikuu. Nasema huelekea.

Urefu peke yake unadanganya. Tezi ya mtu mzima iliyojaa mafuta inaweza kupita sentimita 2 na isiwe na neno, na ya milimita 8 ikawa na saratani. Kwa hiyo ripoti inayosema tu "tezi ya sentimita 1.5" haijakwambia kitu. Irudishe, uliza ganda lina unene gani na mafuta ya katikati yapo au hayapo. Ukitoka, chukua ripoti pamoja na picha zenyewe.

Hatua ya 4: Mamogramu, kwa wanaohitaji

Mwanamke wa miaka 30 na zaidi mwenye tezi ya kutia shaka hupigwa mamogramu juu ya altrasaundi, na akifika 40 hakuna mjadala. Chini ya 30 huanza na altrasaundi, maana titi la ujana ni zito na eksirei haipenyi vizuri. Mwanamume mwenye donge kwenye titi naye hupigwa.

Narudia shabu na diodoranti kwa sababu hapa zinaharibu kabisa. Shabu ina alumini, na diodoranti nyingi pia, na chembe zake kwenye picha hufanana na vijiwe vya chokaa ambavyo ni dalili mojawapo ya saratani. Mtu anarudishwa, anapigwa tena, analala siku mbili na hofu ya bure. Nenda wiki moja baada ya hedhi kuanza, titi haliumi sana. Kama una mimba, sema. Kama unanyonyesha, mnyonyeshe mtoto kwanza.

Mamogramu safi haifungi kesi. Huonyesha sehemu ya chini ya kwapa tu, na kuna saratani ya titi inayojificha isionekane humo ilhali tezi imeshashikwa. Tezi ikiwa mbaya kwenye altrasaundi, tunaendelea.

Hatua ya 5: Chagua aina sahihi ya sampuli

Hapa ndipo wengi hukimbia, na ndipo wengine hufanyiwa kipimo kisicho chao. Njia ni tatu.

*Sindano nyembamba.* Ni nyembamba kama ya kutolea damu au zaidi. Inaingizwa mara chache, seli zinavutwa na kupakwa kwenye vioo. Inafaa pale kifua kikuu kinaposhukiwa, au kuthibitisha haraka kwamba saratani iliyokwisha julikana imefika kwapani. Udhaifu wake ni kwamba huleta seli zilizotawanyika, haionyeshi zilivyopangana. Limfoma haitajwi aina yake kwa njia hii peke yake.

*Sindano ya kukata kinyama.* Unapigwa ganzi, mpimaji anaiona sindano kwenye altrasaundi, unasikia mlio mkavu wa tak, na kinatoka kinyama chembamba cha upana wa milimita 1 hadi 2. Huchukuliwa vitatu au vinne. Hii ndiyo ninayoitaka kwa anayeshukiwa saratani ya titi, na kama kuna donge kwenye titi, sindano ichukue huko na kwapani pia.

*Kutoa tezi nzima.* Ni upasuaji mdogo. Ni chaguo la kwanza limfoma ikishukiwa na tezi inafikika, au pale sindano imeshindwa kutoa jibu. Kama tezi ni nyingi, itolewe ile ambayo altrasaundi imeishuku zaidi. Iliyo karibu na ngozi huenda ni rahisi kutoa na isiwe na jibu.

Sasa lile la "ikiguswa na chuma inasambaa". Ninalichukulia kwa uzito kwa sababu limewazuia watu wa kweli, wenye watoto, kupima. Sindano haiumbi saratani. Seli zilizoachwa kwenye njia ya sindano kuota ni jambo nadra sana, na madaktari wanaopanga matibabu wanalijua. Wanaoonekana "kuharibika baada ya kuguswa" wengi wao walifika ugonjwa ukiwa umeshatembea. Sindano iliwakuta tayari katika hali hiyo. Hakuna daktari wa saratani atakayeanza dawa bila jibu la kinyama, na akianza, uliza kwa nini.

Kujitayarisha: kula kama kawaida kwa njia mbili za kwanza. Wa upasuaji aulize saa za kufunga. Dawa ya kuyeyusha damu usiiache mwenyewe, daktari aliyekuandikia ndiye aseme. Baada ya sindano, kandamiza pamba dakika 10 bila kuchungulia, meza paracetamol, usibebe madumu ya maji kwa mkono huo siku hiyo, na usinyoe wala kupaka kitu hadi kidonda kifunge.

Hatua ya 6: Fuata safari ya sampuli

Hatua hii haimo kwenye karatasi za maelekezo, lakini ndiyo inayoangusha watu. Mara nyingi mgonjwa au ndugu yake hupewa kopo mkononi apeleke maabara. Ukipewa wewe, simama hapo hapo mlangoni uangalie vitu vinne.

Cha kwanza, maji yaliyomo. Kinyama cha kutazamwa kwa hadubini huwekwa kwenye fomalini ya asilimia 10, isiyopungua mara 10 ya ukubwa wa kinyama chenyewe, na kiingie mapema, ndani ya saa moja. Tezi nzima ikatwe kwanza, kwa sababu fomalini hupenya takriban milimita 1 kwa saa na katikati huweza kuoza huku nje kukiwa salama. Kwa joto letu la Februari hilo si la kubahatisha.

Cha pili, kopo la pili. Kama kifua kikuu kinashukiwa, sehemu ya sampuli lazima iende kwenye kopo safi lenye maji ya chumvi, bila fomalini, kwa ajili ya GeneXpert (mashine inayotafuta vijidudu vya kifua kikuu) na kuotesha vijidudu. Fomalini huua vijidudu. Ukishazamisha vyote humo, hakuna tena cha kuotesha. Kosa hili haliwezi kurekebishwa ila kwa kuchoma sindano upya. Kwa hiyo uliza kabla ya kulala kitandani: "Kuna kopo la kifua kikuu?" Kopo hilo lifike maabara siku hiyo hiyo, likiwa kwenye baridi lakini si kwenye friza. Usipande nalo matatu ukapitia Kongowea kununua mboga.

Cha tatu, lebo ubavuni mwa kopo, si kwenye kifuniko, maana vifuniko hubadilishana. Iwe na jina lako kamili, umri, namba ya hospitali, "kwapa la kushoto" au "la kulia", na saa kinyama kilipoingia fomalini. Saa hiyo inahesabiwa: kinyama cha saratani ya titi kinatakiwa kikae humo saa 6 hadi 72, kikizidi au kupungua vipimo vya homoni vinaweza kutoa jibu la uongo.

Cha nne, fomu. Mwanapatholojia hajakuona. Anachojua ni kilichoandikwa, na "uvimbe kwapani, tafadhali chunguza" ni sawa na kumfunga macho. Iandikwe umri, muda wa uvimbe, hali ya VVU, ripoti ya altrasaundi, dawa ulizotumia, na saratani yoyote ya nyuma. Nakala ya ripoti ya picha ibandikwe nyuma ya fomu.

Ukikabidhi, chukua risiti yenye namba ya maabara, uipige picha kwa simu. Uliza majibu yatatoka tarehe gani na umpigie nani.

Hatua ya 7: Soma jibu pamoja na daktari

Ripoti za hapa huandikwa Kiingereza. Usiitafsiri peke yako usiku, nenda nayo ukasomewe. Majibu mengi huangukia humu:

1. *Sampuli haitoshi.* Hii haina maana kwamba uko salama. Haina maana yoyote. Rudia.
2. *Tezi imechangamka tu, hakuna saratani.* Ni habari njema ikiwa altrasaundi nayo ilikuwa tulivu. Altrasaundi rudia baada ya muda utakaopangiwa.
3. *Granuloma (vifundo vya seli za kinga), hasa yenye uozo katikati.* Kwetu inayoshukiwa kwanza ni kifua kikuu. GeneXpert hutoa jibu ndani ya saa mbili hivi ikishaanza, na husema kama vijidudu vinakataa rifampisini, dawa kuu ya kifua kikuu. Ikisema hakuna, haikifuti kifua kikuu, kuotesha kunaweza kuchukua hadi wiki nane. Matibabu ni ya miezi 6, bure katika hospitali za serikali. Cha tezi peke yake hakiambukizi kwa kukaa pamoja, ila kifua kikaguliwe.
4. *Saratani iliyotoka kwingine.* Swali linalofuata ni imetoka wapi. Kwa mwanamke huanza na titi, na kinyama hupimwa vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni, na HER2 (protini inayoweza kuikuza saratani). Bila vitatu hivyo matibabu hayapangwi sawasawa.
5. *Limfoma au inashukiwa.* Vinahitajika vipimo vya kingamwili kama CD20, CD3, CD15 na CD30 kutaja aina. Mara nyingi hulipiwa kando, kwa hiyo uliza gharama siku ya kwanza ili pesa isije ikasimamisha kila kitu katikati.

Kisha lile la kukubaliana. Picha mbaya na maabara nzuri hazikai pamoja. Aidha sindano ilikosa mahali, au kinyama kilikuwa kidogo. Mwambie daktari: "Picha na maabara zinapingana, tufanye nini?" Sentensi hiyo imeokoa watu.

Hatua ya 8: Picha kubwa baadaye

Sitiskani ya kifua na tumbo huja baada ya jina kujulikana, kuona ugonjwa umefika wapi. Kuna watu huanza nayo kwa sababu ni ghali na inaonekana ya maana zaidi, pesa ya kinyama ikawa imekwisha. Kabla yake figo hupimwa, kwa sababu ya dawa inayochomwa. MRI ya titi inafaa pale tezi ina saratani ya aina ya titi lakini mamogramu na altrasaundi ya titi hazioni kitu.

Mambo yakikwama

*Altrasaundi inasema hakuna kitu, lakini mimi nakigusa.* Rudi na alama ya kalamu, upimwe ukiwa umekaa na umelala. Kinachogusika kikiendelea kukua, daktari wa upasuaji akione hata kama picha ni safi.

*Nimeanza dawa za kifua kikuu, tezi inazidi kuvimba.* Inatokea, hasa kwa aliyeanza ARV karibuni. Mwili unaamka na kupigana. Usiache dawa. Lakini kama ulianzishwa kwa kukisia, bila sampuli kupimwa, sasa ndiyo wakati wa kuidai, maana limfoma na kifua kikuu hufanana sana.

*Uvimbe umepotea kabla ya siku ya sindano.* Nenda hivyo hivyo, altrasaundi irudiwe. Kama ulikunywa steroidi, sema, upangiwe kuangaliwa tena.

*Mtoto mchanga ana tezi kwapa la kushoto.* Chanjo ya BCG hapa Kenya huchomwa mkono wa kushoto, na tezi ya upande huo huweza kuvimba miezi ya kwanza. Mtoto akiwa mchangamfu, ananyonya na hana homa, mara nyingi huangaliwa tu. Asikamuliwe. Ikiwa kubwa, ikilainika au mtoto hakui vizuri, apelekwe kwa daktari wa watoto.

*Kidonda cha sindano kinatoa maji yasiyokauka.* Huweza kuwa kifua kikuu chenyewe kinatafuta njia. Funika kwa bandeji safi, rudi ulikofanyiwa, na maji hayo yapelekwe GeneXpert.

*Majibu yamechelewa.* Nenda na namba ya maabara, usiulize kwa jina, majina yanafanana. Uliza kama kinyama kimepokelewa, kama kimekatwa, au kinangoja vipimo vya ziada. Kila jibu kati ya hayo lina mtu wake wa kumfuata.

*Nataka maoni ya daktari wa pili, au nimepewa rufaa Nairobi.* Usiende na karatasi peke yake. Maabara huhifadhi kinyama chako ndani ya bloku ya nta, pamoja na vioo vilivyopakwa rangi. Andika ombi, saini, chukua bloku na vioo, vifungwe visipasuke. Mwanapatholojia wa pili anataka kutazama kinyama kwa macho yake, na ukiwa navyo huchomwi sindano tena. Usiviache juani kwenye dashibodi, nta huyeyuka. Na ukimaliza, bloku irudishwe ilikotoka, kwa risiti.